Fulana ya Cuthbert Haikauki

Uvumi ulimkuta Tamar Hedley kwenye foleni ya viazi, mwezi Machi, mwaka wa tatu wa vita, na tangu hapo ukamganda kama kupe. Eti manowari Teasel ilipopelekwa gudini, meli zinakotengenezwa, kuzibwa tumbo, haikuzibwa. Ilipakwa rangi.

Mwanawe mkubwa, Cuthbert, alikuwa mchochea makaa humo. Teasel ilikuwa manowari ndogo ya mbio, yenye dohani nne, nayo ilikuwa imekwisha zeeka vita vilipoikuta. Miaka hiyo yote ililinda mdomo wa mto Tyne. Ilisindikiza meli za makaa, ikafukuza nyambizi, ikaokota watu majini. Kwenye karatasi ilikuwa na mwendo wa kutisha. Kwa kweli, ilipokazwa sana ilitapika maji.

"Kule chini kwetu, mama, ukiegemea ukuta unasikia samaki wakipita," Cuthbert alimwambia Jumapili ile, akinywa chai.

"Na wakubwa wanajua?"

"Wanajua. Wametuletea ndoo ya rangi."

Mdogo wake, Ralph, naye mchochea makaa, akacheka. "Jivune basi. Sisi wa meli ya Burdock tumeahidiwa ndoo mbili."

Pale South Shields, mjini kwao, Jumatatu ni siku ya kufua. Kamba hufungwa kuvuka kichochoro cha nyuma, ukuta kwa ukuta, na mwenye mkokoteni wa makaa asiyetaka matusi hapiti. Lakini siku mtu wako anapong'oa nanga hufui nguo zake. Ukizifua, umemfua yeye akaenda na maji. Hilo hata mtoto wa kunyonya analijua. Teasel ilikuwa itoke Jumanne, kwa hiyo Tamar akafua Jumatatu. Saa nne asubuhi amri ikabadilishwa, na wakati wa vita akina mama hawaambiwi. Meli ilipita gati wakati fulana ya Cuthbert inachuruzika kwenye kamba.

Ilizama alasiri ile, maili sita kutoka nyumbani. Bahari ilikuwa shwari. Hapakuwa na nyambizi wala bomu. Hakurudi hata mmoja.

Fulana haikukauka. Ilichuruzika maji ya chumvi Jumanne, ikachuruzika Jumatano, upepo wa kaskazini ukivuma. Mto ulipojaa ilimwaga. Mto ulipokupwa ilidondosha tone tone. Majirani wakaweka ndoo chini yake, wakawa wanasugulia vizingiti vyao. Alhamisi ikaanza kutoa ribiti, ile misumari ya kuungia mabamba ya meli, moja moja, zimeliwa na kutu. Ijumaa ikatoa bamba la chuma, ukubwa wa sinia. Tamar alilikunja kwa vidole viwili. Lilikuwa jembamba kama ganda la kitunguu, limepakwa rangi ya kijivu mara tatu, na kilicholishika lisisambaratike ni rangi, si chuma.

Alilifunga kwenye gazeti, akavaa kofia yake ya kanisani, akaenda kwenye baraza la uchunguzi. Cuthbert alikuwa amekwenda. Ila Burdock, pacha wa Teasel, ilikuwa gudini wiki ileile, na Ralph alikuwa humo.

Mabwana watatu walimpa kiti. Jirani yake, Meggie Purvis, alikuwa amekwisha toa ushahidi.

"Bibi Hedley, ulifua Jumatatu?"

"Nilifua. Tazameni hili bamba."

"Fulana peke yake, au na soksi?"

"Fulana mbili na soksi. Bwana, kidole changu kinapita hapa. Kuna meli nyingine kama hii gudini."

"Sabuni gani?"

Bwana wa kushoto aliweka kikombe chake cha chai juu ya bamba. Likabonyea, chai ikammwagikia mapajani. Alijifuta, akaomba Bibi Hedley ajibu kuhusu sabuni.

Matokeo yalibandikwa kwenye lango la gudi. Teasel, chombo imara chenye mabamba mazima, ilipotea kwa kufuliwa. Akina mama na wake wakumbushwe.

Jioni Meggie alimletea mkate wa moto. "Usinichukie, shoga. Waliniuliza habari za kufua tu. La rangi lilikuwa hapa mdomoni, sikuulizwa."

Tamar akaupokea mkate. Ralph alipokuja kuaga, alimzuia mlangoni.

"Usipande."

"Nikikataa ni jela, mama. Na pale kwenye moto wangu atasimamishwa mwingine, naye ana mama."

"Nimekizaa mimi hicho kichwa chako. Harufu ya rangi inakutoka mpaka nyweleni."

"Wee usifue tu," alisema Ralph, akambusu kofia, akaondoka. Koti lake la Jumapili aliliacha limetundikwa msumarini, nyuma ya mlango.

Burdock ilitoka Jumatatu. Kichochoro kizima hakikufua. Wanawake waliketi vizingitini wamekunja mikono, matandiko ya wiki mbili yananuka ndani, na kamba zote zilikuwa tupu isipokuwa moja yenye fulana ya Cuthbert. Hata maji ya kuoshea vikombe hawakuyagusa.

Jumatano, saa ya chai, Tamar alisikia tone. Lilitoka kwenye koti la Ralph, lililokuwa kavu, halijafuliwa tangu Krismasi. Lilichuruzika polepole kwanza. Akaleta ndoo. Baadaye ribiti ya kwanza ikagonga ndoo, naye akaketi kando yake, mikono mapajani, mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata lango la gudi lilipata tangazo jipya: akina mama na wake waache pia kutundika makoti kwenye misumari. Chini ya tangazo hilo wapakaji wawili walikuwa wakikoroga ndoo, kwa ajili ya meli ya tatu.

Tamar alilibandua tangazo hilo. Akaligeuza, akaandika nyuma yake kwa mwandiko wake wa darasa la nne, akalipigilia ukutani, pale kamba zinapofungwa, ambapo kila mwanamke mwenye mtoto wa kiume angelisoma:

Usifue siku ya kung'oa nanga.
Usitundike koti msumarini, maadamu wamekataza.
Usingoje uulizwe ndipo useme.
Usimjibu mtu habari za sabuni.
Usimwachie mwanao apande meli inayonuka rangi mbichi.