Mkono Uliofika Sikioni

Hildegarda alikwisha fagia banda la watoto mara mbili, na sasa alikuwa analifagia tena. Mikono ilikataa kutulia. Kila akikaa mlangoni aliinuka, akachungulia njia ya korona, ilikokuwa ikiunguruma mashine ya kukwangua mkonge, kisha akarudi ndani kuwatazama watoto waliolala mikekani. Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na hilo ndilo lililomla.

Tusimwonee lakini. Enzi hizo za Mwingereza, katika mashamba ya Kilosa, kulea watoto wa vibarua ilikuwa kazi ya yeyote mwenye mgongo mbovu, asiyeweza tena kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Yeye aliiomba. Alitembea kila alfajiri kutoka Mabwerebwere, akawapokea watoto wa manamba waliotoka kila pembe ya nchi, wengine hata Kiswahili hawakijui, na akakataa kuwalaza kutwa nzima kama viazi ghalani. Aliwaimbia, akawasikiliza, akawafundisha kuhesabu kwa mchezo wa kazi ya baba zao: kukata nyasi, kuzipanga thelathini thelathini na kuzifunga tita, vilevile yanavyofungwa majani ya mkonge. Watoto waliupenda mno mchezo huo.

Jana yake, Alhamisi, Bwana Meneja alikuwa amepita na nyapara wake, Lupakisyo. Akasimama, akayatazama matita ya nyasi yaliyopangwa safu. Na Hildegarda, ulimi hauna mfupa, akajisifu.

"Hawakosei hata jani moja, Bwana. Na mikono yao ilivyo myepesi!"

Mzungu akacheka, akamnong'oneza nyapara. Jioni Lupakisyo alirudi peke yake, akawapanga watoto mstari, akaamuru kila mmoja apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Kipimo hicho kila mzazi alikijua: mkono ukifika sikioni, mtoto ametosha kwenda shule. Fausta, binti wa Marselina, mmoja wa waanikaji, alilishika sikio lake na kuchekelea kwa fahari.

"Waliofika, Jumatatu waje kwenye nyaya za kuanikia," alisema Lupakisyo. "Wataokota nyuzi zinazodondoka chini ya singa."

"Mzee, hawa bado wachanga!"

"Si umesema mwenyewe mikono yao ni myepesi, mama?"

Jumapili Hildegarda hakuweza kuimba kanisani. Alikwenda bombani kumtafuta Mwanvua, mkubwa wa wanawake wa kuanika singa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mchuma janga hula na wa kwao. Umelichuma wewe, tunalila sote."

Hildegarda akalia palepale, ndoo za watu zikijaa na kumwagika.

"Nitamwendea meneja," alisema. "Nimweleze kuwa mtoto hujifunza kwa kucheza, si kwa kutumwa."

"Mwambie, atakusikiliza kwa sikio moja. Mtoto wa mtu hamuumi yule. Kinachomuuma ni singa. Zikiingia doa, mchana kutwa anafoka."

Hildegarda akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Akauliza, "Na nikiwaleta wote?"

Mwanvua akamtazama. Akaanza kucheka polepole.

Jumatatu kulikuwa na matope, maana usiku mvua ilinyesha. Hildegarda hakuchagua mtoto. Alileta waliofika sikioni na wasiofika, wanaotambaa, na mmoja mgongoni mwake. Watoto walipoziona singa nyeupe zinaning'inia, wakaona maficho. Wakaingia na miguu myekundu kwa matope, wakazifutia makamasi, wakabembea kwenye nyaya. Mdogo mmoja akalikojolea fungu lililokwisha kauka. Mama zao waliendelea kuanika, vichwa chini, hakuna aliyemkemea mwanawe. Lupakisyo alihangaika huku na huko kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nani amewaleta wote hawa?" akafoka Bwana Meneja.

Hildegarda akamweka sawa mtoto aliyekuwa mgongoni. "Banda ni moja, Bwana. Wakubwa ndio wanaowatuliza wadogo. Ukiwachukua hawa, wale watawafuata."

"Waondoe!"

"Wote, Bwana?"

"Wote! Nisimwone hata mmoja hapa!"

Akawaondoa. Nyuma yake Mwanvua akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajifanya anakohoa. Lakini Hildegarda hakuona raha njia nzima. Mzungu alizihurumia singa, hakumhurumia mtoto. Kesho akipata njia ya kuwatumia bila kuchafua kitu, atawataka tena, na yeye Hildegarda atasema nini?

Alipowaosha miguu, Fausta hakwenda kucheza. Alisimama mbele yake, akapitisha mkono juu ya kichwa, akalishika sikio.

"Mama, mkono wangu umefika."

"Umefika, mwanangu."

"Sasa mbona siendi popote?"

Pale shambani hapakuwa na shule. Miaka yote hiyo Hildegarda hakuwahi kuiulizia, maana banda lilimtosha yeye. Alimwita mama mmoja aliyekuwa nyumbani ananyonyesha, akamwomba awaangalie wengine. Kisha akajifunga khanga upya, akaushika ule mkono mdogo uliofika sikioni, akarudi nao kwenye njia ileile ya korona kumtafuta meneja, amwulize habari ya shule.