Zulia la Tuda

Uskur aliingia mbio uani kwa Tuda, kanzu imelowa damu, akakishika kitanda cha kufumia kwa mikono miwili. Damu ile ilikuwa ya Yidir, kifungua mimba wa Tuda, aliyepasuliwa kichwa kwa jembe kule kwenye mitende, kisa zamu ya maji. Maji ya jangwani hayajui undugu. Amnay, mdogo wa marehemu, akafika na kisu.

"Rudi nyuma!" Tuda alifoka. "Aliyeshika kitanda changu haguswi mpaka zulia likatwe. Kaa mlangoni!"

Uskur akacheka huku akihema. "Mungu akuweke, mama."

Tuda akampa mgeni wake tende na maziwa, kisha akaketi kufuma.

"Mama, unafuma? Kaka hata hajaoshwa!"

"Ziba domo."

Zulia lilibakiza shubiri moja tu. Vidole vya Tuda vilikimbia, chanuo likashindilia uzi juu ya uzi. Uskur akaliona zulia likipanda, akaiweka tende chini.

"Mama, taratibu basi..."

"Nani mama yako, mbwa wee?"

Alipofunga fundo la mwisho, alimnyooshea Amnay mkono. Akapokea kisu, akakata nyuzi zote, zulia likaanguka.

Kisha akamrudishia mwanawe kisu.