Mbwa wa Bamba la Kulia

Ottilie Krantz alikuwa ameshamaliza kuchonga sikio moja la mbwa pale Bwana Dunning, msimamizi wa karakana, alipomjia nyuma ya bega na kumuuliza nani kamruhusu.

"Mzee Pruitt," alijibu, macho yakiwa kwenye chuma.

Kwa miaka kumi na minne katika kiwanda kile cha bunduki huko Connecticut, Ottilie alikuwa amechonga majani tu, yale yanayojikunja pembezoni mwa mabamba mawili ya chuma yanayofunika mbavu za bunduki ya marisau. Katikati ya bamba palikuwa pa Mzee Amos Pruitt. Mbwa na ndege walikuwa wake, na wateja walingoja hata mwaka mzima kuwapata. Lakini majira yale ya baridi mkono wa mzee ulianza kutetemeka. Bamba la kushoto alilimaliza kwa taabu. La kulia alilitazama siku mbili, kisha asubuhi hiyo akalisogeza hadi kwenye meza ya Ottilie, akarudi kuketi.

Dunning alitaka kazi isimame. Mteja, mwindaji wa kware aitwaye Lucius Whitcomb, alikuwa anakuja Alhamisi kuyakagua mabamba kabla hayajaingia tanuruni, na chuma kikishapikwa kikawa kigumu, tindo haikiingii tena. Mtu wa majani abaki na majani yake, alisema. Ottilie akamjibu taratibu kwamba mbwa wa sikio moja hauziki. Dunning akaondoka akiapa kuwa bamba likiharibika, mama huyo atafute kazi kwingine.

Alichonga siku tatu. Hakumwiga mbwa wa Mzee Pruitt, aliyesimama kifua mbele kama askari wa gwaride. Alimchonga Pfeffer, mbwa wake mwenyewe, jinsi alivyomwona vuli nyingi kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa: kichwa chini, mguu mmoja hewani, mwili wote umekaza hadi ncha ya mkia. Manyoya aliyakata moja moja, akibana pumzi kila mkato. Mara moja tindo iliteleza, mkwaruzo ukapita katikati ya nyasi. Aliutazama mkwaruzo ule muda mrefu, mpaka akauona kuwa ni unyasi uliolazwa na upepo, basi akauchongea wenzake.

Alhamisi Dunning aliyatandaza mabamba yote mawili dirishani, asiseme lipi ni la nani. Whitcomb aliyageuza kwenye mwanga, akayarudisha, akayachukua tena. Mwishoe akabaki na la kulia mkononi.

"Huyu amewanusa kware," alisema. "Yule mwingine ameambiwa tu kwamba wapo."

Dunning akamgeukia Mzee Pruitt, naye mzee alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Aliyeambiwa ni wangu," alisema. "Aliyenusa ni wa mama yule pale. Mimi mbwa sijafuga maisha yangu yote, bwana. Nawaogopa."

Whitcomb akavua kofia, akamwendea Ottilie na kumuuliza mbwa huyo anaitwa nani. Alipoambiwa, akalirudia jina lile polepole, kisha akasema mabamba yote yabaki yalivyo, mbwa hao watawinda pamoja. Mzee Pruitt akamwambia Ottilie atie jina lake mwenyewe kwenye bamba. Ottilie alikwisha kuchagua jani la kulifichia, Dunning akamzuia.

"Liweke chini ya mguu wa mbwa," alisema, akitazama pembeni. "Lionekane."

Jumamosi mabamba yalitoka tanuruni mekundu, yakaangukia majini kwa mlio mkali. Ottilie alilipokea la kulia kwa aproni yake. Lilikuwa bado na joto. Rangi za moto zilikuwa zimetanda juu ya chuma, samawati, kahawia, na manjano ya asali, na alipoliinamisha kuelekea dirishani zilihama juu ya nyasi kama kivuli cha wingu, zikampita mbwa mgongoni, zikaenda.