Ndagala za Kunusa

Tangu asubuhi Bernardine alikuwa akifungia ndagala, dagaa wakavu wa kwao Uvira, kwenye paketi za nailoni, na kila paketi aliilaani. Kimashine cha kufungia kilikuwa kinatoa moshi wa plastiki iliyoungua.

"Harufu hii haiwasumbui, sivyo?" aliuambia ukuta, akasonya.

Waliosumbuliwa walikaa juu. Zamani chini ya jengo hili la mjini Saint Paul, huku ughaibuni, kulikuwa na fundi cherehani, kinyozi, muuza viatu. Kampuni ikalinunua jengo, ikatengeneza vyumba vya kifahari ghorofani, ikapandisha kodi, na maduka yakafungwa moja moja hadi likabaki lake la samaki. Sasa wapangaji wamelalamika kwamba dagaa wake wananuka. Kampuni ikatoa amri: samaki wote wafungwe kwenye paketi, na lalamiko lingine likija, atoke.

Basi angalau wangebandua lile bango! Kwenye kioo cha nje walikuwa wamebandika picha ya Bernardine mwenyewe, kitenge kichwani, mikono ndani ya beseni la ndagala, anacheka meno yote nje. Juu yake wameandika kwa Kiingereza, njoo uishi mtaa wenye ladha ya dunia. Walimpiga picha hiyo bila hata kumnunulia soda.

Mama Merveille, mteja wake wa siku nyingi, aliingia akikung'uta theluji miguuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akalikuta tupu.

"Ndagala iko wapi?"

"Iko mu paketi, dada yangu. Kampuni imekataza."

Mama Merveille akaipeleka paketi puani, akaigeuza, akaibinya. Nyumbani Uvira hununui ndagala kabla hujavunja kichwa cha moja, ukainusa, ukaitafuna.

"Sasa nitajua namna gani kama ni nzuri? Ya paketi hata kule supermarket iko, na bei iko chini. Nimepanda basi mbili toka Oakdale juu ya kunusa, Bernardine."

Akairudisha mezani, taratibu, kama anayemwonea mwenzake aibu. Akatoka, akavuka barabara, akasimama kituoni.

Mlango haujatulia, akaingia Elkanah, Mkenya anayesimamia jengo kwa niaba ya kampuni, tai shingoni.

"Mama, umefanya poa sana! Boss akiona hivi atatulia." Akachungulia nje, akashusha sauti. "Na omena zangu za Ijumaa?"

"Hizo hapo," akamwonyesha paketi za ndagala.

"Aah, hizo za paketi siwezi. Utanunuaje omena bila kunusa? Si uko na zingine huko nyuma?"

Hasira zikampanda Bernardine mpaka utosini.

"Juzi ulisimama hapa na mzungu wako, umeziba pua kwa hiyo tai!"

"Sasa ningefanya nini, mama? Nisimwage unga wangu."

"Na wangu je?"

Akachukua mkasi. Akapasua paketi ya kwanza, akaimwaga kwenye beseni, ya pili, ya tatu, zote.

"Mama, wacha! Mimi nitalazimika kuripoti!"

"Ripoti! Waambie bango lao limeanza kunuka!"

Alibeba beseni kifuani, akalitua nje kwenye baridi, chini ya uso wake mwenyewe unaocheka. Harufu ikapanda madirishani.

"Mama Merveille!" alipaza sauti. "Rudi! Njoo unuse!"

Basi lilikuwa limeshafika. Mama Merveille akaliacha liende, akavuka tena, akainama juu ya beseni. Akavunja kichwa, akanusa, akatafuna.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Nipimie."

Elkanah naye alikuwa ametoka. Alisimama akitazama dagaa, akimeza mate, kisha akachukua moja, akavunja kichwa, akanusa, akaitia mdomoni. Alikuwa bado anatafuna alipotoa simu, akapiga picha ya beseni, akaituma ofisini.