Baba Akalala Kazini

Katika kiwanda cha magodoro, msimamizi alipachikwa jina la Bwana Haiwezekani, maana neno hilo lilimtoka hata akisalimiwa. Binti mmoja mshonaji, kitindamimba aliyebaki peke yake kwao, alimwendea akaomba ruhusa ya kumuuguza baba yake, aliyepooza upande mmoja na asiyekuwa na mtu mwingine wa kumtunza. Mafundi wenzake walikuwa wamemhakikishia kwamba sheria inampa ruhusa hiyo na kazi yake itamsubiri. Bwana Haiwezekani alikubali kuwa sheria ipo. Ila sheria inasema mgonjwa, na yeye mgonjwa hajamwona.

Basi binti akamleta kwa mkokoteni. Benchi la ofisini lilikuwa bovu, wakamlaza mzee kwenye godoro la maonyesho, pale dirishani mwa duka la kiwanda. Mzee, ambaye nyumbani usingizi ulikuwa umemhama, akalala fofofo na kuanza kukoroma. Mteja akaingia, akamtazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka godoro kama la yule. Kufikia mchana watu walikuwa wakisukumana mlangoni.

Mwenye kiwanda alifurahi, akamwajiri mzee papo hapo. Binti alipokumbushia ruhusa yake, Bwana Haiwezekani akatikisa kichwa. Mzee sasa ni mfanyakazi, na mfanyakazi aliye kazini si mgonjwa. Atamuuguza nani?

Ikawa ni mbio. Binti anashona, anakimbia dirishani kumgeuza baba yake na kumnywesha dawa, anakemewa kwamba anamsumbua mfanyakazi, anarudi kwenye cherehani. Usiku nyumbani, kazi ni ile ile. Siku moja alichoka hadi kichwa kikaangukia kitambaa. Bwana Haiwezekani alimkuta hivyo.

"Umefukuzwa," alimwambia. "Hapa hatulipi watu kulala."

Mkoromo wa dirishani ukakatika.

"Mwanangu," mzee aliita, "njoo unikalishe."

"Mzee wangu, tafadhali," Bwana Haiwezekani alibembeleza, "wateja wamejaa."

"Nakaa."

Na akakaa, binti yake akimshika mgongo. Minong'ono ikaanza. Mama mmoja aliyekwisha kubebeshwa godoro lake akalitua chini, akauliza mbona yule ameamka, au lina kunguni? Mwenye kiwanda akaja mbio, viatu mkononi asipige kishindo, akamuuliza mzee anataka nini ili alale.

"Nataka kwenda nyumbani, huyu aniuguze. Nikipata nafuu, arudi aikute cherehani yake. La sivyo, kesho nasimama."

Mwenye kiwanda alikubali mbele ya wateja wote, akiomba tu mzee asisimame.

Walipokuwa wakiondoka, mzee juu ya mkokoteni, binti aligeuka. Bwana Haiwezekani alikuwa amelazwa dirishani, tai shingoni, macho yamemtoka. Mwenye kiwanda alikuwa amemwinamia akimsihi afumbe macho, akorome kidogo. Kioo kilizuia sauti, lakini midomo ya msimamizi ilicheza, na binti hakuhitaji kusikia ili ajue anasema nini.