Chumba cha Bibi

Kila asubuhi saa mbili, Roslyn alipofungua Biblia juu ya meza ya masomo, tumbo la Tahlia lilianza kuuma.

Mtoto hakuwa anaigiza. Roslyn, mama mwenye utaratibu, aliandika alichokula na saa alizolala, akampeleka kwa daktari, na daktari hakuona kitu. Jikoni Tahlia alikula samaki wake, akacheka. Akikalishwa chumbani, alikunja miguu, akautazama mlango, na hesabu alizoziweza mwaka jana zikamshinda.

Na chumba chenyewe kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kilikuwa cha bibi yake Tahlia, mama mkwe wa Roslyn, aliyefariki mwezi wa tatu. Dirisha lake lilitazama ziwa la Alexandrina, na jua la asubuhi liliingia mpaka ukutani. Baada ya mazishi Roslyn alitoa kitanda, akapiga deki, akaweka meza na vitabu vya masomo ya Kikristo vilivyokuja kwa posta, amfundishe Tahlia mwenyewe nyumbani. Kisha akatundika picha ya marehemu juu ya ubao. Alimpenda sana yule mama. Alitaka mjukuu asome mbele ya macho yake.

Darcy, mumewe, aliyefanya kazi mgodini wiki mbili na kupumzika nyumbani wiki mbili, alipoiona picha ile alisimama kidogo, akasema, "Umejitahidi, mke wangu." Tangu siku hiyo akawa analala barazani. Alisema ndani kuna joto. Sasa ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya ziwani inauma masikio, na Darcy bado alisema kuna joto.

Kisha ikaja barua. Afisa wa elimu angefika mwisho wa mwezi kutazama maendeleo ya mtoto. Asipoyaona, Tahlia angerudishwa shule, kule alikotaniwa kwa rangi yake na kwa kabila lake mpaka akaacha kula.

Jumatano, Darcy akiwa mgodini, Roslyn alimpigia simu wifi yake, Elva. Elva alikuja na samaki wawili kwenye gazeti. Alipita sebuleni, akafika mlango wa kile chumba, akageuka, akatoka nje.

"Wifi, kaa ndani basi. Chai inapoa."

"Nitainywea huku huku barazani."

"Na baridi hii?"

"Mumeo analala hapa miezi mitatu sasa. Mimi kunywa chai tu ndiyo nitakufa?"

Roslyn alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaketi.

"Elva, niambie. Nimekosea wapi?"

Elva aliipuliza chai yake, akanywa, akapuliza tena.

"Hukukosea kwa ubaya. Mtu wetu akifa, picha yake tunaifunika. Jina lake tunalipumzisha. Nyumba tunaifukiza kwa majani mabichi, ili anayekwenda aende na waliobaki wapumue. Wewe umemtundika ukutani, na kila asubuhi unamtaja kwa jina kwenye sala. Ataondokaje? Mtoto anayajua haya tangu anatambaa."

"Miezi yote hii hamkuniambia?"

"Nani aanze? Darcy anasema serikali ilikuchukua kwenu ukiwa mchanga, hukufundishwa, na akikwambia utaona aibu. Mimi nikasema hata kiherehere cha wifi kina mipaka."

Ilikuwa kweli. Roslyn alizaliwa na watu wa asili wa upande wa juu wa mto, akalelewa mjini Adelaide na wazee wa kanisa, watu wema waliomfundisha kusoma na kusali. Hakuwahi kuwalaumu. Lakini walimfundisha pia kwamba moshi na majani ni mambo ya giza, na anayeyagusa amemwacha Kristo.

"Siwezi kufukiza, Elva. Mimi nimeokoka."

"Na mimi je, nimezama? Nani anafungua kanisa kila Jumapili? Nani alimwimbia mama tenzi mpaka pumzi ya mwisho? Siuombi moshi, Roslyn. Namwomba Mungu yule yule unayemwomba wewe. Moshi ni namna yetu ya kuaga."

Tahlia alikuwa kwenye ngazi, anajifanya hasikii. Roslyn alimwita.

"Mwanangu, ukiwa mle ndani unaona nini?"

Mtoto alikwaruza ngazi kwa kidole. Elva hakumharakisha, na Roslyn naye akajizuia.

"Naona kama tunamshika Bibi nguo," alisema mwishowe. "Anataka kwenda, na sisi tunasoma tu."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema chumba ni kizuri."

Roslyn aliinamisha kichwa. Mengi aliyofundishwa hakuweza kuyapima yote juu ya kikombe kimoja cha chai. Alichokiona wazi ni kwamba mtoto wa miaka tisa amebeba kwa miezi mitatu mzigo ambao mama yake alidhani ni zawadi. Akainuka, akaishusha ile picha, akaifunga kwa kitambaa, akamkabidhi Elva.

"Kakate majani," alisema. "Mimi nitasali hapa nje."

Elva alirudi na matawi mabichi ya mkalitusi, akayawashia ndani ya ndoo kuukuu. Moshi mweupe ukaanza kupanda.

"Ingia nawe, wifi."

"Nimesema nitasali nje."

"Ni nani aliyemwosha mama na kumlisha alipougua? Si mimi, si Darcy. Unadhani wewe marehemu hakukushika?"

Roslyn alisogea mpaka mlangoni. Tahlia alimshika mkono, wakaingia pamoja. Moshi ulikuwa mchungu, wa harufu ya dawa. Elva aliipitisha ndoo kila pembe, akaomba kwa Ngarrindjeri, lugha ya kabila lao, akamalizia kwa jina la Yesu. Kabla ya amina Roslyn alikuwa analia. Siku ya mazishi alikuwa na viti vya kupanga na chakula cha kugawa, hakupata nafasi ya kulia. Tahlia alimpigapiga mgongoni kama mtu anayembembeleza kichanga.

Kesho yake saa mbili, Tahlia aliingia mwenyewe. Alilichukua daftari la hesabu mezani, akaketi sakafuni penye jua.

"Kaa hapa, mama. Mezani kuna baridi."

Roslyn alitaka kusema kwamba mwandiko mzuri unahitaji meza. Akaketi. Walifanya hesabu kumi. Nne Tahlia alizikosa, na kwa hizo nne akabishana na mama yake mpaka saa nne, wala tumbo hakulitaja.