Dakika Tano za Baba Calvince

Mume wangu Dishon ni dereva wa ambulensi, na hilo naomba mlishike mapema kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Barabarani mtu huyu ni radi. Mama mwenye uchungu akipiga simu, Dishon atamfikisha hospitali kabla mtoto hajajua kwamba anazaliwa. Lakini ngoja avue viatu nyumbani kwangu Nyamasaria. Yawa! Utadhani kuna mtu amemchomoa betri.

Tuchukue mlango wa jikoni. Aliubandua mwezi wa nne, miaka mitatu iliyopita, kwa sababu ulikuwa unakwaruza sakafu. "Mama Calvince, usijali, hii ni kazi ya dakika tano." Akauegemeza nyuma ya nyumba, mimi nikatundika pazia. Sasa tuko pazia la tatu. Kuku wa jirani huingia jikoni kwangu wakinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Kamrudin wa hardware aliniuliza siku moja, kwa heshima zake zote, kama Baba Calvince anajenga jela, maana ameshanunua bawaba mara nne.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akikasirika huwa anaandika. Nina daftari. Balbu ya choo: alisema sasa hivi, siku kumi na tisa. Bomba linalovuja: alisema dakika tano, siku ishirini na moja, na fundi nikamwita mwenyewe. Kupalilia sukuma nyuma ya nyumba: alisema kesho asubuhi. Ile sukuma ilitoa maua, ikatoa mbegu, mbegu zikaanguka zikaota zenyewe, na bado Dishon alikuwa anatafuta jembe. Nikapiga hesabu, nikapata kanuni. Dakika tano za Dishon ni wiki tatu. Kesho yake ni mwezi ujao. "Jumamosi hii" nilishindwa kuipigia hesabu kabisa.

Mamangu naye alikuja kututembelea kutoka Luanda Kotieno kwa siku mbili, akakaa miezi minne. Lakini huyo ni wa upande wangu, sikumwandika.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nalichekea. Sikuwa na boma. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, kila tukienda kwao karibu na Awasi, tunalala kwenye simba, ile nyumba ya ujana wa Dishon iliyo uani kwa babake. Miaka ishirini na tatu nakaanga samaki jikoni kwa mama mkwe, naye amekaa kwenye kigoda ananihesabia chumvi. Ni mama mzuri, sikatai. Lakini mwanamke aliyeota nywele nyeupe mbili tatu anataka sufuria yake, moshi wake, na geti lake la kumfungia mtu nje akitaka. Halafu kijana wetu Calvince anataka kumuoa Lorine, na hawezi kujenga simba yake kwa babake wakati babake hana kwake.

Na kwetu mwanamume hahamii boma jipya kama mtu anayehama nyumba ya kupanga. Babake ndiye anayemtoa. Asubuhi mnakwenda pamoja: mzee anaongoza, mwanamume ameshika jogoo, kifungua mimba ana shoka, na mke amebeba moto. Hapo nyumba inaanza na hapo hapo inamalizika. Siku moja. Jua likizama lazima moto wa mke uwe unawaka ndani, na usiku mlale humo. Ikishindikana, ni aibu na ni mkosi, na mnaanza kutafutana upya na wazee.

Mnaona shida yangu? Nyumba ya siku moja, nimeolewa na mtu ambaye balbu ilimchukua siku kumi na tisa.

Mzee Oluoch, baba mkwe, ana miaka themanini na moja. Alikuwa karani wa stesheni ya reli, na mpaka leo anatembea na saa ya mkononi ambayo huirekebisha kwa habari za redio. Jinsi mtu huyo alivyomzaa Dishon, Mungu tu ndiye anajua. Mwezi wa saba alituambia wazi, "Nitashika jambo hili mara moja. Magoti yangu hayana mara ya pili."

Basi Ijumaa moja Dishon anakuja nyumbani, anaweka funguo mezani, anasema, "Ni kesho, Mama Calvince. Mzee yuko tayari, fundi Adongo na watu wake wako tayari, mabati yamefika. Mlango nitaleta mimi. Ufike kwa Mzee saa moja asubuhi, uchukue moto kwa Mama."

Nilikuwa nasahihisha mitihani. Sikuinua hata kichwa. Kesho ya Dishon ni mwezi ujao, hiyo iko kwenye daftari. Na mlango analeta yeye? Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka. Ni kweli ule mlango wa jikoni ulikuwa umetoweka nyuma ya nyumba wiki mbili kabla, akasema ameupeleka "mahali". Nilijua mahali huwa ni wapi.

"Sawa, Baba Calvince," nikamwambia. "Kesho."

Alfajiri akanitingisha bega. Nikamwambia atangulie, nakuja. Nikalala. Saa moja na nusu niliamka, nikanywa chai yangu polepole, nikaenda kwa Nasike kusukwa nywele.

Simu ya kwanza ilinikuta kwenye kiti cha Nasike. "Uko wapi?" "Niko njiani," nikasema. Najua mnanihukumu. Lakini nilidhani ndio kwanza ananunua misumari. Simu ya pili: "Mama Calvince, uko wapi?" "Dakika tano tu." Nasike akacheka, nikacheka, tukaendelea na habari za harusi ya binamu yake.

Simu ya tatu haikuwa ya Dishon.

"Nyar Uyoma," sauti ikasema. Baba mkwe huniita hivyo, binti wa Uyoma, na kila akiniita mgongo wangu hunyooka wenyewe. "Saa yangu inasema ni saa nne na dakika kumi na moja. Mume wako amesimama na jogoo mkononi tangu saa moja. Jogoo amechoka. Mimi pia."

Wuololo! Nilisimama na kitana kikining'inia kichwani. Upande mmoja nimesukwa, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona polisi. Nasike akasema, "Ngoja hata nifunge hii," nikamwambia nywele zitangoja, nyumba haingoji. Nikafunga leso, nikarukia pikipiki, na kutoka Nyamasaria hadi Awasi nilimpigia yule kijana kelele za "ongeza!" mpaka akaniuliza kama naenda kuzaa.

Nilishuka saa tano na dakika kumi. Sikuhitaji kuuliza saa, Mzee aliitangaza mwenyewe. Wote walikuwepo. Calvince na shoka. Adongo na watu wake sita wamekaa juu ya mbao, wamemaliza chai na mkate wa siku nzima. Na Dishon, mume wangu, kwenye shati lake safi la kanisani, jogoo kwapani. Nilitamani anifokee. Hakusema neno baya hata moja. Alisema tu, "Nilikuambia kesho."

Maneno hayo mawili yalinikata kuliko matusi. Miaka ishirini na tatu namngoja mtu huyu, na siku yake moja ya kuwa mapema, mimi ndiye sikumwamini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani.

Mama mkwe akanipa makaa ya moto kwenye kigae cha chungu. Akatazama leso yangu ilivyobonyea upande mmoja. "Mwanangu," akasema, "kichwa hicho pia kinajengwa leo?"

Tukaenda. Mzee mbele, taratibu, fimbo na saa. Alipofika kwenye kiwanja akapiga ardhi kwa fimbo, Calvince akakata kwa shoka, na kazi ikaanza. Masaa manne na dakika kumi tulikuwa tumeyapoteza, na kila mtu alijua ni nani aliyeyapoteza. Sikukaa. Nilichota maji, nikashika ngazi, nikapokezana misumari, nikakoroga uji. Moto wangu niliulisha vijiti chini ya mti wa mgunga, nikiukinga upepo kwa kanga. Saa nane nguzo zilikuwa zimesimama. Saa kumi kuta za mabati zilikuwa zimefungwa pande tatu. Saa kumi na moja Adongo akapanda juu na watu wake wote kupiga paa, na jua likaanza kuteremka kuelekea upande wa ziwa bila huruma.

Saa kumi na mbili na nusu ukuta wa nne ukaisha. Wale wa juu walikuwa bado wanagonga. Mzee alizunguka nyumba, akasimama mbele ya lile tundu tupu.

"Na mlango?"

Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye kandambili. Nilikuwa nimeusahau kabisa.

"Nyumba bila mlango ni kibanda cha kulindia ndege," Mzee akasema. "Sitaruhusu mke wa mwanangu aingize moto kibandani." Akatazama jua, akatazama saa. Adongo akapiga kelele kutoka juu kwamba akishuka sasa hivi paa haliishi.

Dishon akaweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye lile shati la kanisani. Akasema, mbele ya watu wote, mbele ya Mungu:

"Dakika tano."

Calvince alifunga macho. Mama mkwe alijishika kichwa. Mimi, mke wake, mwenye daftari, nilihisi machozi yananipanda, kwa sababu najua dakika tano hizo zinaishia wapi. Zinaishia wiki tatu. Zinaishia pazia.

Mzee akaisogeza saa karibu na macho. "Ndizo ulizo nazo," akamwambia.

Dishon akakimbia kwenye gari aliloazima, akafunua turubai. Ulikuwa mlango wangu wa jikoni. Lakini si ule niliokuwa naujua. Ulikuwa umepigwa randa, umepakwa rangi ya kijani kibichi, una komeo jipya na bawaba tatu zimeshafungwa tayari. Akaubeba peke yake mgongoni, kama mtu amebeba mgonjwa. Akausimamisha kwenye fremu, na, haki ya nani, ukaingia! Alikuwa amempa Adongo vipimo vyake tangu mwanzo. Calvince akashikilia, Dishon akafunga skrubu. Nikaona kwa mara ya kwanza kile wagonjwa wanachokiona kila siku: mtu anayejua hasa muda uliobaki.

Akaufunga. Akaufungua. Haukukwaruza. Juu, Adongo akapiga msumari wa mwisho wa paa.

"Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane," Mzee akasema. "Nyar Uyoma, unangoja nini?"

Niliingia na moto wangu. Nilipiga magoti, nikapuliza, na moshi ukapanda ukanijaa machoni, na nililia. Sitaficha. Nililia na nusu ya kichwa changu ikiwa nje ya leso, ndani ya nyumba yangu, na hakukuwa na mtu wa kunihesabia chumvi. Nje watu wakapiga vigelegele. Jua likazama likiwa limechelewa.

"Ulikuwa unautengeneza tangu lini?" nilimuuliza baadaye, tukila.

"Tangu ule mwezi wa nne," akasema. "Nilipoubandua niliona ni mbao ya mvule. Nikafikiri, mlango mzuri hivi ni wa jikoni ya mjini kweli? Nikasema huu ni wa boma lake. Lakini kila nikianza, naona bawaba hizi hazitoshi uzito."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeandika kwenye daftari."

Kweli ningeandika.

Usiku huo mlango ulifungwa na komeo, na mengine hayawahusu.

Asubuhi nilimkuta kwenye ngazi ya mlango na daftari langu, nililolibeba kwenye mkoba kama kawaida. Alikuwa ameandika mstari mmoja wenye jina langu, kwa mwandiko wake mbaya wa dereva: *Perez kufika kwake. Alisema dakika tano. Masaa manne na dakika kumi.*

Nilifungua mdomo nibishe. Nikataka kusema ni masaa matatu, maana simu ya dakika tano ilipigwa saa mbili na kitu. Nikafunga mdomo. Nikachukua kalamu, na chini yake nikaandika: *Dishon, mlango. Alisema dakika tano. Dakika tano.* Nikamrudishia asome. Alisoma kwa muda mrefu sana kwa mstari mfupi hivyo.

"Sasa Baba Calvince," nikamwambia, "kule Nyamasaria jikoni tutafunga nini?"

Akanywa chai. Akatazama barabara.

"Ule mwingine?" akasema. "Huo ni kazi ya dakika tano."

Nikachukua daftari langu taratibu, nikalirudisha kwenye mkoba. Jumatatu nitapita sokoni kununua pazia la nne. Safari hii nitatafuta la kijani.